Kuligeuzia Jua Mgongo

Bukoba imejengwa ikitazama mashariki. Ziwa Viktoria liko mbele yake, vilima na migomba nyuma yake, na jua halina pa kutokea isipokuwa majini, wazi, mbele ya kila aliyeamka mapema. Kisiwa cha Musira kiko mwendo mfupi wa mtumbwi kutoka ufukweni, nacho humfundisha mpiga picha kuliko kitabu chochote: Juni jua huchomoza kushoto, kaskazini mwa mashariki, ikifika Desemba limehamia kulia. Anayetaka kisiwa na jua vikae kwenye fremu moja atafute mwezi wake na mahali pake pa kusimama, asiilaumu kamera.

Saa nazo zina mambo yake. Nchi nzima inafuata saa moja, lakini Kagera iko mbali magharibi, na jua hufika huku kama nusu saa baada ya kufika Dar es Salaam. Saa kumi na mbili asubuhi Bukoba bado kiza. Rafiki yetu anayekuja likizo kutoka Dar hulisahau jambo hili kila mwaka. Tunamkuta ufukweni amejikunyata ndani ya koti, analalamika kwamba jua la Kagera linachelewa kazini na hakuna wa kulikata mshahara.

Huwa tuko wanne: yeye, fundi simu, mwalimu wa sekondari, na mimi. Kuna anayebeba stendi, kuna anayebeba chai, na mwalimu hubeba kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikaanikwa, ambazo Mhaya humkaribishia mgeni kabla hajamuuliza shida yake. Unatafuna, unangoja. Kazi yetu kubwa ni hiyo ya kungoja, na mtu akiwa peke yake kungoja humshinda; huanza kubonyeza ovyo.

Niseme mapema ninachoamini: kwenye picha ya macheo, jua ndilo lenye kazi ndogo kuliko vyote. Jua ni duara. Kila simu nchini ina picha yake, na kwenye kila simu ni duara. Halafu huku karibu na ikweta halijikokoti kwa mshazari kama kwenye nchi za baridi. Hupanda karibu wima. Tangu ukingo wake uchungulie majini mpaka duara zima liachane na upeo ni kama dakika 2 tu. Aliyekuja kwa ajili ya dakika hizo mbili amekosa dakika 20 za kabla yake, na ndizo zenye ufundi.

Katika dakika hizo ziwa lina taa. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa mwanga, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na sola, na wanahitaji usiku usio na mwezi, maana mbalamwezi ikitanda dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo sisi pia tunahesabu mwezi. Wenzetu wa Paje na Jambiani, kule mashariki mwa Unguja, huuhesabu kwa ajili ya bamvua, wajue maji yatatoka mbali kiasi gani na akina mama wa mwani watakuwa wapi alfajiri. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho, lakini mwezi ukiandama na anga ikiwa safi, upeo wote wa Bukoba huwaka vinukta vya mwanga, na nyuma yake samawati inaanza kulegea.

Fundi simu hana kamera. Ana simu iliyopasuka kioo pembeni, na picha zake hutuaibisha. Simu ina huruma isiyotakiwa: ikiona giza hulisafisha, alfajiri ikawa mchana wa mawingu. Yeye hugusa kwenye kioo sehemu ya anga yenye mwanga mkali zaidi, kisha huvuta kialama cha jua kushuka chini kwa kidole gumba, taratibu, mpaka maji yarudi kuwa meusi na ule utepe wa rangi ya chungwa juu ya upeo uwe utepe kweli, usiwe moshi. Kisha hushusha tena kidogo. Anasema picha ikiungua haina dawa, ikiwa nyeusi utaibembeleza baadaye. Sisi wenye kamera tunafanya hayo hayo kwa njia ndefu: stendi mchangani, kipande cha kanga kikavu cha kufutia umande kwenye lenzi, shata iachwe wazi sekunde kadhaa. Ila ziwa halitulii, mitumbwi inayumba, na kila taa huandika kijistari kilichopinda. Mwalimu anavipenda hivyo vijistari. Mimi naviona uchafu. Hatujapatana mpaka leo.

Kuna asubuhi ambazo hatupati kitu. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hushuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda na mawingu ya radi hujijenga juu ya maji; kisha pepo za mashariki huyasukuma huku kwetu. Ndiyo maana Bukoba ni kati ya miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na mvua yake hupenda kupiga alfajiri, wakati kwingine watu huitegemea jioni. Wahaya wa kale walimjua Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na Kazoba, mwenye jua na mwezi. Ukikaa pale ufukweni unaona wanavyogombea upeo. Mawingu hayo ni mazuri pichani, lakini siwezi tena kuyatazama kama pambo. Asubuhi ya 6 Novemba 2022, katika hali mbaya ya hewa, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, wakafa watu 19. Waliowahi kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, watu wale wale tunaowapiga picha wakiwa vinukta vya mwanga.

Aliyetufundisha kugeuka ni mwalimu. Siku moja jua limetoka, sote tumelielekezea lenzi, yeye akatupa kisogo akawa anapiga mjini. Nyuma ya Bukoba kuna majabali ya mawe ya mchanga, ya kale sana, ambayo wanajiolojia wameyapa jina la mji huu. Mwanga wa kwanza huyapiga kabla ya kushuka kwenye mabati, na kwa dakika chache yanakuwa na wekundu ambao huwezi kuusimulia ukaaminiwa. Tangu hapo mmoja wetu hupewa zamu ya kutazama nyuma.

Muleba ndiko zamu hiyo hulipa zaidi. Tukipanda Kamachumu, ziwa linakuwa chini, upande wa visiwa vya Bumbire, na ukungu umekaa mabondeni. Lakini picha nzuri ziko kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni, ambako jua huchelewa kuingia. Likiingia hupenya jani la mgomba kwa nyuma, ukaona kila mshipa wake, na moshi wa jikoni unakatwa vipande na mwanga. Rweya, pale nje penye nyasi tupu, tayari pameshakuwa mchana. Humu ndani bado una nusu saa.

Watu nao wana haki zao. Hatunyanyui kamera kabla ya salamu, hasa kwa akina mama wanaoanika dagaa. Wamechoka kuonekana kwenye kalenda za watu. Mwalimu huenda mbali zaidi: husafisha picha studio mjini akawarudishia wenyewe. Mara moja alimpelekea mzee mmoja wa mwaloni picha ambayo sote tuliihusudu: mtumbwi, kasia, umbo la mtu jeusi tii, na anga jekundu nyuma.

"Shikamoo mzee. Nimekuletea picha yako."

"Marahaba, mwanangu." Akaipindua kuelekea kwenye mwanga, akaisogeza, akaivuta mbali. "Huyu nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Mimi nina uso."

Akamshika mkono, akamzungusha hadi upande wa pili wa mtumbwi, jua likawa mgongoni kwa mwalimu na usoni kwake. Akavua kofia, akawaita vijana wainue wavu, akahakikisha jina la mtumbwi lililochorwa ubavuni halifichwi na mguu wa mtu. Akasema, "Haya, sasa piga." Hiyo ndiyo aliyoagiza nakala 4, moja ya mwanawe aliyeko Mwanza.