Fundi Aliyekuja Kutazama

Pampu ya maji ya mama mkubwa iliibwa usiku, nyumbani kwake Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari unafika mpaka jikoni. Asubuhi tukakusanyika mbele ya runinga kurudisha rekodi nyuma. Tulichokiona ni weupe kama wa ukungu, na ndani yake kivuli cha mtu. Kikapita, kikainama, kikaondoka na pampu. Kamera nne zilikuwa ukutani, hazijamaliza hata miaka miwili, na hakuna iliyoweza kutuambia kama yule ni kijana au mzee. Mama mkubwa aliitazama rekodi mara tatu, kisha akasema, "Kumbe nilinunua macho yenye mtoto wa jicho."

Fundi tuliyemwita alifika saa nne na mkoba mdogo begani. Nilikuwa nimeshamtafutia ngazi. Yeye akavua viatu, akaamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akaomba kiti. Akataka aoneshwe picha za mchana na za usiku, za kamera zote, kabla hajagusa waya hata mmoja. Alikaa pale karibu saa nzima, akiuliza maswali machache: taa ya geti huzimwa saa ngapi? Picha ilianza kuharibika lini, kidogo kidogo au ghafla? Pale ndipo nilipoanza kuupenda ufundi huu. Kamera mbovu huandika ugonjwa wake ndani ya picha, na anayejua kuusoma hapotezi siku nzima akibadilisha vifaa kwa kubahatisha.

Ule weupe wa kamera ya geti aliutaja bila kusimama: utando wa buibui. Gizani kamera huwasha vitaa vyake vya infraredi, mwanga ambao jicho letu haliuoni isipokuwa wekundu hafifu kwenye vitaa vyenyewe. Uzi mmoja wa buibui uliopita mbele ya lenzi, ambao mchana hata huuoni, usiku huurudisha mwanga ule lenzini, kama ukungu wa milimani unavyomrudishia dereva taa zake mwenyewe. Juu ya hapo kulikuwa na utando mwingine wa vumbi na chumvi ya bahari, umegandamana kwenye kioo. Nikampa kipande cha kanga kikavu. Akakikataa kwa upole, akaomba maji safi na kitambaa laini. Chembe za mchanga zikisuguliwa kavu hukwaruza kioo, na mkwaruzo hauna dawa.

Kamera ya nyuma ndiyo iliyomchukua muda, na ndiyo iliyonionesha kiini cha kazi yake. Mchana picha ilikuwa safi. Usiku ilitetemeka, ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Mwingine angesema kamera imekufa, nunueni nyingine. Yeye akapima umeme kwenye adapta: volti 12 kamili. Akapanda ngazi, akapima kule kule kwenye kamera: 11 na kitu. Kisha akafanya jambo ambalo bado nalikumbuka. Akaifunika kamera kwa kiganja ili idhani usiku umeingia. Vitaa vikawaka, na mita ikaporomoka hadi 9.

Akanieleza huku bado yuko juu ya ngazi. Mchana kamera hunywa umeme kidogo. Usiku, vitaa vikiwaka, hunywa zaidi, na kadiri inavyonywa zaidi ndivyo umeme mwingi unavyopotea njiani. Ni kama bomba jembamba la maji: mtu mmoja akifungua, maji yanafika, wa pili akifungua, wote wawili wanabaki na matone. Njia yenyewe ilikuwa mita 40 za waya mwembamba. Akatoa kisu, akaukwangua. Chini ya wekundu wa shaba kukatokea weupe. Ulikuwa waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupoteza umeme zaidi kuliko shaba halisi ya unene uleule. Aliyefunga mwanzo aliuchagua kwa bei, na mwenye nyumba hakuwa na namna ya kujua kilichomo ndani ya ganda. Kwenye kiungio palikuwa na kutu ya kijani pia. Akakata kipande kile, akaweka kiungio kipya, akavuta waya wa shaba mnene, akafunga kila kitu ndani ya kiboksi kisichoingiza maji.

Kamera ya sebuleni ilitazama mlango ulio wazi, kwa hiyo kila aliyeingia alikuwa na jua mgongoni na uso mweusi. Akaihamishia upande wa pili. Dakika ishirini.

Ya nne haikuwa na kasoro ukutani. Picha yake ya moja kwa moja iling'aa, rekodi yake ilikuwa uji. Mashine ya kurekodi ilikuwa imewekwa ibane picha mno ili diski itunze siku nyingi. Fundi hakubadilisha tu na kunyamaza. Alimkalisha mama mkubwa na kumfanyia hesabu. Kamera moja ikirekodi megabiti 2 kwa sekunde, kwa siku hula gigabaiti 21.6. Nne ni 86.4. Diski ya terabaiti 1 itatunza siku kumi na moja na ushee. "Mama, unataka siku thelathini za ukungu, au kumi na moja za nyuso?" Akachagua nyuso.

Hamu hiyo ya kuona uso si mpya. Mwaka 1966 muuguzi mmoja wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown, aliomba hataza pamoja na mumewe Albert kwa mfumo wa kamera ya nyumbani. Waliipata mwaka 1969. Kamera yao ilipanda na kushuka kwenye matundu manne ya mlango, ili Marie amwone aliyebisha awe mrefu au mfupi, bila kwenda kufungua. Alichokitaka ni uso. Fundi wetu naye alilinda jambo hilohilo, hata pale ambapo ukweli ulimpunguzia sifa. Baada ya kusafisha kamera ya geti alituambia kwamba hata ingekuwa safi usiku ule, isingetupa sura ya mwizi. Lenzi yake ya milimita 2.8 inaona upana mkubwa. Kwa umbali wa mita 7 kutoka getini, nukta 1,920 za picha zinatandazwa kwenye mita kama 16, yaani nukta 120 kwa mita. Kipimo cha kimataifa, IEC 62676-4 toleo la 2014, kilitaka 250 ili mtu usiyemjua atambulike. Alishauri lenzi ya milimita 6, inayoona kidogo lakini kwa karibu. Na rekodi ya zamani? Tulimwomba aikuze, aisafishe kwa programu. Akatikisa kichwa. Kisichoingia kwenye lenzi hakitoki.

Angeweza kulipwa jioni ile akaenda zake. Akasema kazi ya usiku haikaguliwi mchana, akarudi baada ya sala ya isha. Akazima taa ya geti, akamtuma mjukuu atembee kutoka barabarani hadi mlangoni, bila tochi. Sote tukaikodolea macho runinga. Mtoto akatokea gizani, akasogea karibu: nyusi, pua, tabasamu, mpaka vidole vya miguu.

"Mwambieni huyo mtoto avae ndala," mama mkubwa akasema.