Jina la Faili Ndilo Linaloshika Leya

Mhandisi wa umeme akipokea ramani ya jengo kutoka kwa msanifu, kazi yake ya kwanza si kuchora taa. Ni kuififisha kazi ya mwenzake. Kuta, milango, ngazi, samani, vipimo na vigae, vyote vimekuja na rangi zao, na katika ofisi nyingi rangi ndiyo inayoiambia printa unene wa mstari. Asipovituliza, nyaya na swichi zake zitapotea humo humo. Kuzigeuza leya zote za msanifu, yaani matabaka ya mchoro wake, kuwa kijivu ni kazi ya dakika chache. Kazi ni kuzifanya zibaki kijivu baada ya msanifu kutuma marekebisho. Hapo ndipo wengi wanapochemka, kisha wakailaumu programu.

Tuchukue AutoCAD. Tangu toleo lake la 11, la mwaka 1990, programu hii inauwezesha mchoro mmoja kuonyesha mwingine bila kuumeza. Mchoro wa umeme hutunza anwani tu ya faili la msanifu, ambalo hapo huitwa faili la rejea, na kila ukifunguliwa huenda kulisoma upya. Ili leya za pande mbili zisigongane, kila leya inayotoka nje hubandikwa jina la faili lake mbele, ikitenganishwa na mstari wima. Faili la msanifu likiitwa GHOROFA1 na ndani yake mna leya ya kuta A-WALL, mhandisi ataiona kama GHOROFA1|A-WALL. Ni kama Said bin Ali: jina la mtoto halitajwi bila la baba.

Leya hiyo ya ugenini huwezi kuchora juu yake, kuibadili jina wala kuifuta. Unaweza kuizima, kuigandisha, kuipa rangi nyingine au unene mwingine. Mabadiliko hayo yanakaa kwenye mchoro wako peke yake. Faili la msanifu haliguswi. Kama yatadumu au la, hilo huamuliwa na kigezo kiitwacho VISRETAIN. Kikiwa 0, kila faili la rejea linaposomwa upya, rangi za msanifu hurudi zote kama vile hukufanya lolote. Kikiwa 1, mpangilio wako unabaki. Siku hizi AutoCAD huanza na 1, lakini kigezo hiki huhifadhiwa ndani ya mchoro wenyewe, kwa hiyo mchoro wa kuanzia uliorithiwa ofisini miaka na miaka unaweza kuwa bado umebeba 0. Kikague kwanza kabla ya kutafuta mchawi.

Sasa tuseme VISRETAIN ni 1, na bado asubuhi moja mchoro umerudi na rangi zote za upinde wa mvua. Angalia jina. Mipangilio yote uliyoweka imefungwa kwenye jina lililo mbele ya ule mstari wima. Msanifu ametuma GHOROFA1_REV_B, au lile tunalolijua sote, GHOROFA1_FINAL_FINAL2, limepitia WhatsApp. Fundi michoro akaliondoa la zamani na kuambatisha hili jipya. Kwa programu, GHOROFA1_REV_B|A-WALL ni leya ambayo haijapata kuiona. Haina mpangilio wowote wa kuikumbukia. Hata hali za leya ulizozihifadhi kwa majina haziwezi kukuokoa, kwa sababu zinatafuta leya ambazo hazipo tena.

Dawa ziko mbili, na ya kwanza ndiyo bora: faili linalotumika lina jina moja tangu mwanzo wa mradi hadi mwisho. Toleo jipya likija, la zamani linahamishiwa kwenye folda ya kumbukumbu likiwa na tarehe yake, na jipya linakaa mahali pake kwa jina lile lile. Ya pili ni kwa ofisi isiyoweza kumlazimisha msanifu. Katika paneli ya mafaili ya rejea, usiliondoe la zamani. Libadilishie njia tu, lielekee kwenye faili jipya. Jina la rejea litabaki GHOROFA1 hata kama faili lenyewe linaitwa vingine, na leya zako zitatii.

Kuna mambo matatu ambayo jina peke yake haliyatatui. Kwanza, leya 0 haibandikwi jina la faili. Vitu ambavyo msanifu amevichora juu yake hufuata leya uliyokuwa umesimama juu yake ulipoambatisha faili. Ukiwa umesimama kwenye leya ya taa, kuta zake huenda zikatoka na rangi ya taa, na siku ukiigandisha leya hiyo, jengo zima linatoweka. Tenga leya maalumu ya kuambatishia mafaili, usiitumie kwa kingine. Pili, msanifu aliyeupaka mstari rangi moja kwa moja badala ya kuiachia leya hukuachia mistari mikaidi isiyosikia kijivu chako. Matoleo ya miaka ya karibuni yana kigezo XREFOVERRIDE, na kikiwekwa 1 mistari hiyo hulazimika kufuata leya. Tatu, msanifu akiongeza leya mpya, itaingia na rangi yake mwenyewe. Kigezo LAYEREVAL kikiwa 1, programu huzichuja leya hizo ngeni na kuzitenga ili uzikague. Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo kinachopuuzwa kuliko vyote.

Baada ya hapo, kugawa karatasi ni rahisi. Karatasi ya taa na karatasi ya soketi zinaonyesha faili lile lile. Samani zinagandishwa kwenye dirisha la kutazamia la karatasi ya taa pekee, na kwenye ile ya soketi zinabaki, maana soketi hupangwa kwa kufuata kitanda na meza. Tangu AutoCAD 2008, hata rangi inaweza kutofautiana dirisha kwa dirisha.

Siku ya kukabidhi, mteja akitaka faili moja lisilotegemea jingine, programu hutoa njia mbili. Bind huigeuza GHOROFA1|A-WALL kuwa GHOROFA1$0$A-WALL: inachukiza macho, lakini asili ya kila leya inaonekana. Insert huondoa jina la faili na kuacha A-WALL, na kama mchoro wako una A-WALL yake, kuta za msanifu zitaingia humo na kuchukua rangi zake. Mimi huchagua Bind. Usafi wa majina haustahili kununuliwa kwa kupoteza habari ya nani alichora nini.

Basi kwenye kikao cha kwanza cha mradi, kabla hamjajadili idadi ya soketi, kubalianeni na msanifu majina ya mafaili, na herufi za marekebisho ziandikwe ndani ya mchoro, kwenye kisanduku cha maelezo, si kwenye jina la faili.