Hatia ya Walio Hai: House of Usher na Mzimu wa Watu wa Kale

Filamu ya Roger Corman, House of Usher (1960), haikuifuata kikasuku hadithi fupi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1839. Katika hadithi, haibainiki iwapo Roderick, alipomzika dada yake, alijua kwamba yu hai. Corman anamwonyesha akijua, na akijitetea kwa uovu wa mababu zao. Badiliko hilo linaisogeza filamu karibu na riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka huohuo. Humo nako mzimu unatisha, lakini upelelezi wa Bwana Msa unamrudisha msomaji kwa muuaji aliye hai. Katika kazi zote mbili, wafu wanatwikwa hatia ya walio hai.