Nafasi ya Siku Pacha Anyamazapo

Kwenye nyumba za Mji Mkongwe seva hupandishwa ghorofani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake, na chumba cha chini hakifai hata kuwekea magodoro, seuze mashine. Huko juu ndiko anakofanyia kazi fundi wa kanzidata ninayemstahi sana, bibi wa makamo anayetunza hesabu na nafasi za wageni wa hoteli. Seva kuu iko mjini. Pacha wake yuko Nungwi, tayari kushika kazi ya mwenziwe akianguka.

Wengi hudhani faili la data ndilo linalojaza diski. Data hukua taratibu, mgeni kwa mgeni. Mwenye vituko ni faili la logi, linaloandika kila muamala kabla haujatulia. Kwa kawaida ukishachukua bakapu ya logi, nafasi iliyomo ndani yake hutumika upya. Lakini pacha akipotea mtandaoni, seva kuu haithubutu kufuta kitu ambacho mwenziwe hajakipokea. Utachukua bakapu utakavyo, logi itazidi kuvimba mpaka diski ijae na mapokezi yote yasimame.

Kwa hiyo kabla ya kununua diski fundi huyu huuliza kwanza: pacha aweza kunyamaza kwa muda gani? Unguja swali hilo lina historia. Mwaka 2008, kuanzia Mei, kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa Bara. Desemba 2009 kikaingia gizani tena, na majenereta yakanguruma vichochoroni hadi Machi 2010. Waya mpya wa chini ya bahari, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013 na mambo yakatengemaa, ila kukatikakatika hakujaisha, hasa njia za shamba.

Basi hupiga hesabu. Tuseme logi inaandika gigabaiti 2 kwa saa. Mtandao ukikatika Ijumaa jioni na mtu wa kuutengeneza asipatikane hadi Jumatatu asubuhi, ni saa 60: gigabaiti 120. Yeye hutenga 200. Meneja akaja juu siku moja, mbona diski imelipiwa na haina kitu?

"Bwana mkubwa, ina kitu," alimjibu. "Ina Jumamosi na Jumapili."

Kinachonivutia zaidi ni namna anavyopanga ukuaji wenyewe. Kanzidata yake ni SQL Server ya Microsoft, na matoleo ya 2005 hadi 2014 yaliachiwa data ikue megabaiti 1 kwa mara, na logi asilimia 10. Megabaiti moja ni uchokozi mtupu. Asilimia 10 ya logi ya gigabaiti 100 ni gigabaiti 10 za kujazwa sufuri, na miamala yote hungoja zijae. Logi iliyokua kwa vijipande vidogo hugawanyika ndani vipande maelfu, na seva huchelewa kuamka umeme unaporudi. Yeye hulikuza faili mapema, usiku, kwa kiasi maalumu alichokipima, na hukagua kwanza diski ya Nungwi: faili likikua mjini sharti likue na huko. Pacha akikosa nafasi, uakisi, yaani kumpelekea kila muamala, husimamishwa, na logi ya mjini huanza kuvimba kwa sababu nyingine kabisa.

Kukata faili ili kuokoa nafasi hakupendi. Kukata data huhamisha kurasa za mwisho kuzipeleka mbele, faharasa zikavurugika, na uhamishaji wote huo huandikwa kwenye logi na kutumwa kwa pacha. Baada ya mkatiko mrefu hungoja Nungwi ifikie, huchukua bakapu ya logi, halafu ndipo huangalia. Logi ikiwa imepita kipimo chake, huikata mara moja na kuirudisha kwenye ukubwa uliopangwa. Isipopita, haigusi.

Microsoft ilitangaza na toleo la 2012 kwamba uakisi wa namna hii utaachwa, ikaleta utaratibu mpya wa kuweka nakala kwenye seva kadhaa. Naye kahamia huko. Sheria ya logi haikubadilika: mwenzio asipopokea, hufuti. Diski ya logi kaiacha na gigabaiti zake 200, na meneja hajauliza tena.