Bendera ya Mtawala na Bendera ya Taifa
Katika tafsiri kadhaa tulizozipitia, bendera mbili tofauti zimepewa jina moja, 'bendera ya Uingereza'. Upungufu huu si mdogo. Ile ya mtawala, yenye simba wa England na wa Uskoti pamoja na kinubi cha Ireland, haipeperushwi nusu mlingoti kamwe, kwa kuwa kiti cha enzi hakikai kitupu hata siku moja. Mwaka 1997, Diana alipofariki, mlingoti wa kasri la Buckingham ulibaki bila bendera, maana Malkia alikuwa Balmoral; umma ukanung'unika, na tarehe 6 Septemba ikapepea hapo, nusu mlingoti, bendera ya taifa. Jina likiwa moja, msomaji ataelewa nini? Twapendekeza 'bendera ya mtawala'. 'Bendera ya malkia' haifai tena tangu Charles III aliporithi ufalme mwaka 2022.