Hamisha Nozeli Kabla ya Kushusha Injini

Injini ya dizeli iliyozeeka ikianza kugonga, hukumu hutoka upesi: imenoki, ishushwe. Mara nyingine hukumu hiyo ni sahihi, na hatari yake imo humo humo, kwa kuwa kila inapopatia huongezewa imani isiyoistahili. Ninachodai ni kwamba mlio wa injini hautambuliwi kwa namna unavyosikika, bali kwa namna unavyobadilika pale jambo moja linapobadilishwa na mengine yote yakaachwa kama yalivyo. Mlio ambao fundi hajaweza kuuzima au kuuhamisha kwa makusudi bado haujatambuliwa, hata kama umeshapewa jina. Na kwa kuwa mlio huo upo pale tu injini inapozunguka, kuifungua mapema ni kufuta ushahidi kabla haujasomwa.

Tuchukue injini ya Toyota 3L, ambayo wengi wanaifahamu kwa kuwa imesukuma Hiace za abiria miaka na miaka. Ina silinda 4 zenye ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo 2,779, kamshafti moja juu inayozungushwa na mkanda wa taimingi, pampu ya dizeli ya kimakanika, na nozeli moja kwa kila silinda. Hewa ndani yake hubanwa zaidi ya mara 20 mpaka dizeli inawaka yenyewe bila plagi ya cheche, ndiyo maana hata ikiwa nzima kabisa haikosi kugonga kidogo. Kwa hiyo swali la fundi si kama injini inagonga. Swali ni kama kuna silinda moja inayogonga tofauti na wenzake, au kama kuna kifaa kisicho cha injini kabisa kinachoigiza mgongano huo.

Vifaa vya nje ndivyo vya kuondolewa shaka kwanza, na havihitaji maelezo marefu. Kanyaga klachi hadi mwisho: mlio ukibadilika, tafuta kwenye klachi na giaboksi. Kisha zima injini, vua mikanda ya mbele, uwashe kwa dakika moja tu, maana pampu ya maji nayo imesimama, na gari lisiondoke mahali pake. Kwenye 3L pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta, hivyo mkanda ukivuliwa, alteneta na pampu hiyo husimama kwa pamoja. Pampu ya vakyumu iliyochakaa hugonga kwa namna inayofanana sana na beringi iliyolika, na mlio wake husafiri kwenye chuma cha injini kiasi kwamba ukiweka bisibisi sikioni na ncha yake kwenye blogu utausikia humo. Mlio ukipotea mkanda ulipovuliwa, injini haina kosa, na mwenye gari ameokoa fedha nyingi kwa kazi ya spana moja.

Usipopotea, hesabu kidogo husaidia. Katika injini ya mipigo minne kamshafti huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikinguruma taratibu kwa mizunguko 800 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 400, yaani kati ya mara 6 na 7 kwa sekunde, ilhali krankishafti inazunguka zaidi ya mara 13. Mgongano wa polepole huelekeza macho kwenye tapeti na valvu, na ule wa haraka huelekeza chini. Lakini wapo wanaoishia hapo wakidhani wamemaliza, na hapo hukosea. Mwako wa silinda moja nao hutokea mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti, sawasawa kabisa na tapeti ya silinda hiyo. Hesabu imepunguza washukiwa, haijamkamata yeyote.

Kipimo kinachofuata mafundi wengi wanakijua: kulegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inazunguka. Nati hulegezwa kidogo tu, mikono na macho vikiwa vimekingwa, kwa kuwa dizeli humo ina msukumo wa zaidi ya baa 100 na inaweza kupenya ngozi. Tambara linyonye kinachomwagika kisifike kwenye bomba la moshi lenye moto. Nati ikilegea, msukumo hautoshi kufungua nozeli, na silinda hiyo inakoma kuwaka. Mlio usiojali nati yoyote unatoka mahali pasipotegemea mwako: tapeti zilizopanuka nafasi, puli ya mbele, au boliti za flaiwili. Mlio unaozimika pale nati ya silinda ya 3 inapolegezwa umeshatupa anwani yake.

Anwani hiyo ndiyo inayowaponza watu. Silinda ya 3 ikinyamaza baada ya kukatiwa mafuta, husemwa kwamba beringi ya konrodi imekufa. Kweli, beringi iliyolika hunyamaza mzigo ukiondolewa, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu ya mwako. Ila nozeli inayovuja hunyamaza vilevile, kwa sababu dizeli iliyokuwa ikidondoka na kuwaka kwa mkupuo haifiki tena. Washukiwa wawili, mmoja wa bei ndogo na mwingine wa bei kubwa, wametoa jibu lile lile kwa swali lile lile. Hapo kinachotakiwa ni swali jingine, nalo ni kuhamisha: nozeli ya silinda ya 3 ipelekwe ya 2, na ya 2 ije ya 3, washa zake zikiwekwa mpya, kisha nati zilegezwe tena moja moja. Mlio ukihamia silinda ya 2, nozeli imejitaja. Ukibaki silinda ya 3, shaka imeshuka kwenye pistoni, pini yake na konrodi. Ukitoweka kabisa usionekane popote, basi nozeli ilikuwa haijakaa vizuri kwenye kiti chake na mgandamizo ulikuwa unapenya pembeni, na washa mpya zimeshaponya. Jibu hili la tatu ndilo linalonifanya nisikubali njia ya mkato ya kuweka nozeli mpya moja kwa moja: mlio ukipotea, hutajua kama ulinunua nozeli kwa sababu au bila sababu.

Wapo watakaosema kwamba fundi mwenye miaka mingi gereji hahitaji mzunguko huu, sikio lake linatosha. Siidharau hoja hiyo. Sikio zuri huchagua washukiwa upesi kuliko kifaa chochote, lakini tukimtazama kwa makini fundi huyo tutaona hasikilizi tu: anakanyaga mafuta na kuachia ghafla, anangoja injini ipate moto, anagusa nati. Anabadilisha hali na kulinganisha. Sifa tunayolipa sikio lake ni ya vipimo vyake, na vipimo hivyo mwanafunzi wake hatavirithi kama havijatamkwa wala kuandikwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye gari. Gari lisilotembea leo halileti chochote nyumbani, na injini iliyotumika kutoka Japani inapatikana dukani. Kwa nini apoteze asubuhi nzima kwa uchunguzi? Kwa sababu injini inapobadilishwa, mara nyingi vifaa vya ile ya zamani huhamia kwenye mpya: alteneta pamoja na pampu yake ya vakyumu, nozeli zilizoonekana bado nzuri, hata puli. Mlio unaweza kuhamia navyo, na mwenye gari akawa amelipa injini nzima ili abaki na kelele ile ile. Wengine humwaga oili nzito ili injini itulie. Nayo isomwe kama kipimo: injini iliyotulia kwa oili nzito inasema kuna nafasi iliyopanuka ambayo oili ya kawaida haiwezi kuijaza, na hapo gari lisimame badala ya kurudi barabarani.

Mlio uliobaki silinda ya 3 husomwa kwa joto. Pistoni inayopigapiga ukuta wa silinda hulia zaidi asubuhi injini ikiwa baridi na hupungua inapopata moto, kwa kuwa hutanuka. Beringi ya konrodi hufanya kinyume: oili ikipata moto huwa nyepesi, na mgongano hukua. Msukumo wa oili upimwe kwa geji ya mkono injini ikiwa ya moto, kwa maana taa ya dashibodi huwaka pale tu msukumo unapokuwa umeshuka mno. Filta ya oili ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe. Chembe zinazong'aa zisizovutwa na sumaku zinaelekeza kwenye beringi, na hapo kushusha injini kuna sababu inayoonekana kwa macho.

Hata hapo nozeli isiachiliwe. Inayovuja huosha oili kwenye ukuta wa silinda, na dizeli isiyoungua huteremka kwenye sampu ikaifanya oili iwe nyepesi, mpaka beringi zinakosa utando wa kuzilinda. Washukiwa wale wawili wanaweza wote kuwa na hatia, mmoja akiwa chanzo cha mwingine. Kwa hiyo kabla krankishafti haijachongwa na beringi za saizi mpya hazijanunuliwa, nozeli zote 4 zipelekwe kupimwa msukumo wa kufungukia na namna zinavyonyunyiza, na oili ya sampu inuswe na itazamwe kama ujazo wake ulikuwa umepanda juu ya alama bila mtu kuongeza.