Presha ya Kijijini na Presha ya Mjini: Nani Alihesabiwa?

Makambako ni njiapanda. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana hapo na ile inayopita Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita palepale. Kijana wa Ludewa au Njombe anayekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha hupita hapo. Akirudi baada ya mwaka akiwa amenenepa, watu husema mji umempenda. Watu haohao husema pia kwamba presha na kisukari ni magonjwa ya mjini, na kwamba anayelima viazi kwenye miinuko ya Njombe analindwa na jembe lake.

Kauli hiyo inapimika. Watafiti nchini wameipima tangu miaka ya 1980 kwa mbinu tofauti, na kila mbinu ilipobadilika, jibu nalo lilibadilika. Ni vyema kuzitazama mbinu hizo moja baada ya nyingine, kwa sababu siku mkoa wa Njombe utakapotaka kujua hali yake, kazi haitaanza na mashine ya presha. Itaanza na swali la nani apimwe.

Daftari la hospitali halitoshi

Njia rahisi ni kufungua daftari la wagonjwa na kuhesabu. Tatizo ni kwamba presha haiumi. Anayefika hospitali ya Ilembula mkoani Njombe na kuandikiwa kuwa ana shinikizo la juu la damu ni yule aliyekuwa na nauli, au aliyezidiwa, au mama mjamzito aliyepimwa kliniki. Aliyebaki shambani hayumo daftarini, awe mzima au mgonjwa. Hivyo daftari linaonyesha waliofika hospitali, lakini halisemi wagonjwa wangapi wamo katika jamii.

Ndiyo maana tafiti za mwanzo zilikwenda majumbani. Donald McLarty na wenzake walipotaka kujua ukubwa wa kisukari vijijini, walikwenda katika vijiji sita wakawapima zaidi ya watu 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Mtu alinyweshwa maji ya sukari, kisha damu yake ikapimwa baada ya saa mbili. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata 1%.

Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), pamoja na Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani, ilifanya utafiti wa kitaifa unaojulikana kama STEPS. Waliokutwa na sukari ya juu walikuwa 9.1%. Wengi huchukua takwimu hizo mbili na kutangaza kwamba kisukari kimeongezeka mara kumi. Kuongezeka kimeongezeka, lakini hesabu hiyo haisimami. Utafiti wa kwanza ulianzia miaka 15, wa pili ulipima watu wa miaka 25 hadi 64. Wa kwanza ulipima damu baada ya kunywa sukari, wa pili ulipima damu ya mtu aliyefunga kula. Wa kwanza ulikuwa wa vijiji tu, wa pili ulichanganya mijini na vijijini. Ukitoa moja kwa nyingine, unatoa vitu visivyo vya aina moja.

Ilala na Shari: umri uligeuza jibu

Mfano unaofundisha zaidi ni utafiti wa presha uliochapishwa mwaka 2000, ulioongozwa na Richard Edwards. Walichagua maeneo mawili: Ilala jijini Dar es Salaam, na Shari, kijiji chenye unafuu wa maisha wilayani Hai, Kilimanjaro. Ilala walipima watu wazima 770, Shari 928. Aliyekutwa na 140/90 au zaidi, au aliyekuwa tayari anatumia dawa, alihesabiwa kuwa na presha.

Hesabu ya kawaida ilishangaza. Ilala wanaume wenye presha walikuwa 30% na wanawake 28.6%. Shari wanaume walikuwa 32.2% na wanawake 31.5%. Kwa hesabu hiyo kijiji kilikuwa kimeuzidi mji, na kauli ya magonjwa ya mjini ilikuwa imekufa.

Kisha wakasawazisha umri, na jibu likageuka. Ilala ikapanda hadi 37.3% kwa wanaume na 39.1% kwa wanawake. Shari ikashuka hadi 26.3% na 27.4%. Watu ni walewale na vipimo ni vilevile.

Hesabu ya mfano itaonyesha kilichotokea. Chukua kijiji chenye vijana 50 na wazee 50. Presha imo kwa 10% ya vijana na 50% ya wazee. Utapata wagonjwa 5 na 25, jumla 30 katika 100. Sasa chukua mji wenye vijana 80 na wazee 20. Presha imo kwa 20% ya vijana na 60% ya wazee. Utapata 16 na 12, jumla 28. Kijana wa mjini ana hatari kubwa kuliko kijana wa kijijini, na mzee wa mjini vilevile, lakini jumla inasema mji ni salama zaidi, kwa sababu tu una vijana wengi. Ukizipa jamii zote mbili mgawanyo mmoja wa vijana 70 na wazee 30, kijiji kinapata 22 na mji 32. Huko ndiko kusawazisha umri.

Kwa Njombe jambo hili lina uzito wa pekee. Vijana huondoka kwenda mijini, wazee wakabaki kijijini. Atakayelinganisha Makambako mjini na kijiji cha milimani bila kusawazisha umri ataona kijiji kinaumwa zaidi na kutafuta sababu kwenye chakula, wakati sababu kubwa huenda ni nani amebaki nyumbani.

Lakini hesabu isiyosawazishwa nayo ina nafasi yake. Mganga wa zahanati anayeagiza dawa hagawi dawa kwa jamii iliyosawazishwa. Anagawa kwa wazee walio mbele yake. Kwa kupanga dawa, hesabu ya kawaida ndiyo inayofaa. Kwa kulinganisha hatari ya mahali na mahali, inafaa ile iliyosawazishwa. Ripoti nzuri hutoa zote mbili, kama walivyofanya hawa.

Jambo moja halikubadilika kwa hesabu yoyote. Katika maeneo yote mawili, waliojua kwamba wana presha hawakufika 20% ya wenye presha. Waliokuwa kwenye matibabu ni kama 10%. Waliokuwa wametibiwa hadi presha ikatulia hawakufika 1%.

Morogoro hadi Dar es Salaam: kumfuata msafiri

Kulinganisha kijiji na mji kuna udhaifu mwingine. Wachaga wa Shari na wakazi wa Ilala wanatofautiana kwa mengi zaidi ya makazi. Ili kujua mji unamfanya nini mtu, inabidi umpime kabla hajaondoka, kisha umfuate.

Ndivyo walivyofanya Nigel Unwin na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010. Waliwatafuta watu wa Morogoro Vijijini waliokuwa wamepanga kuhamia Dar es Salaam kwa angalau miezi sita: wanaume 103 na wanawake 106, umri wa wastani miaka 29. Walipimwa kati ya wiki moja na mwezi mmoja kabla ya safari. Baada ya kuhama waliendelea kupimwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu.

Baada ya miezi 12 matokeo hayakuelekea upande mmoja. Kazi nzito za mwili ziliporomoka: kwa wanaume kutoka 79.4% hadi 26.5%, kwa wanawake kutoka 37.8% hadi 15.6%. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo mbili kwa wote. Nyama nyekundu iliongezeka, lakini matunda na mboga navyo viliongezeka. Na presha, badala ya kupanda, ilielekea kushuka: namba ya juu ilipungua kwa zaidi ya 5 kwa wanaume na zaidi ya 8 kwa wanawake.

Hapa msomaji makini anapaswa kuuliza maswali mawili. La kwanza: waliofuatwa hadi mwisho ni 132 kati ya 209. Wale 77 wengine walikwenda wapi? Kama walioshindwa maisha ndio waliorudi kijijini, waliobaki ni wale ambao mji uliwafaa. La pili: mtu akipimwa presha mara ya kwanza huwa na wasiwasi, na namba hupanda. Akizoea mashine, hushuka. Bila kundi la waliobaki kijijini likipimwa kwa ratiba ileile, ni vigumu kutenganisha athari ya mji na athari ya kuzoea kipimo.

Kenya walikuwa na kundi hilo. Utafiti wa Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka magharibi mwa nchi, ulioongozwa na Neil Poulter na kuchapishwa mwaka 1990, uliwalinganisha wahamiaji na wenzao waliobaki kijijini. Presha ya wahamiaji ilikuwa juu, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi ikilinganishwa na potasiamu, madini yapatikanayo kwenye mboga, matunda na viazi. Ule wa Kenya ulikuwa na walinganishwa. Ule wa Morogoro ulikuwa na kipimo cha kabla ya safari. Mbinu bora ingeunganisha vyote viwili, na kila nchi imeshaonyesha kwamba sehemu yake inawezekana.

Njombe ipimwe vipi

Utafiti wa STEPS wa mwaka 2012 ulikuta presha ya juu kwa 25.9% ya watu wa miaka 25 hadi 64, na 97.2% hawakufikisha matunda na mboga mara tano kwa siku. Takwimu hizo ni za taifa. Kuzibandika Njombe ni kosa, kwa sababu nne.

Kwanza, umri uliishia miaka 64. Huko Hai, watu 2,223 wenye miaka 70 na kuendelea walipopimwa, karibu 70% walikuwa na presha. Vijiji vya Njombe vina wazee wengi ambao STEPS haikuwagusa.

Pili, msimu. Presha hupanda wakati wa baridi, na baridi ya Njombe ya Juni na Julai inajulikana. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao una msimu wake, wa mvua. Hojaji inayouliza umekunywa kiasi gani katika siku 30 zilizopita itapata majibu mawili tofauti kijiji kilekile, kutegemea mwezi wa kuuliza. Na anayepima pombe kwa chupa ya bia lazima kwanza ajue kopo la ulanzi lina ujazo gani.

Tatu, kazi za mwili. Mkulima wa viazi na dereva wa bodaboda wa Makambako wote watasema wanafanya kazi kutwa. Hojaji lazima itenganishe kazi inayomfanya mtu aheme kwa nguvu na ile ya kukaa.

Nne, VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya 12.7% kwa watu wazima wa Njombe, wakati taifa lilikuwa 4.4%. Maelfu ya watu wa mkoa huu wanahudhuria kliniki ya matibabu ya VVU (CTC) kwa ratiba, na dawa zimewapa umri wa kufikia magonjwa ya uzeeni. Presha yao ikipimwa kila wanapokuja, mkoa utakuwa na ufuatiliaji wa muda mrefu bila kujenga kitu kipya. Ila kliniki hiyo isigeuzwe kuwa sampuli ya mkoa mzima, kwa kosa lilelile la daftari la hospitali.

Kwa hiyo mpango unaofaa unajulikana: mitaa kadhaa ya Makambako na vijiji kadhaa vya milimani, kaya zichaguliwe kwa bahati nasibu, kila mtu mzima apimwe bila ukomo wa umri, presha mara tatu na ya kwanza isihesabiwe, mara moja wakati wa baridi na mara moja wakati wa joto, na ripoti itoe hesabu ya kawaida pamoja na iliyosawazishwa. Vijana wanaopanga kuondoka wapimwe kabla ya safari, na waliobaki wapimwe kwa ratiba ileile. Mkoa wenye watu 889,946, kwa sensa ya 2022, hauhitaji kuwapima wote. Unahitaji kuwachagua vizuri.

Halmashauri zikiletewa takwimu za presha, ziulize kwanza waliopimwa walikuwa na umri gani, walipatikana wapi, na walipimwa mwezi gani. Na wewe msomaji, usingoje utafiti: pima presha yako katika zahanati iliyo karibu, kwa sababu wengi wenye ugonjwa huo walikutwa hawajui kuwa wanao.